Sheria ya Sherman ya 1890: ununuzi wa madini ya fedha ulivyobadilishana na kura za ushuru

Ugomvi wa dhahabu na fedha nchini Marekani, yaani kama pesa zitegemee dhahabu peke yake au madini ya fedha pia, husimuliwa sana kama vita vya mkulima na mwenye benki. Mimi, ambaye kazi yangu ni historia ya sarafu, naona simulizi hiyo inamsahau mwenye mgodi. Ukitaka kumwona vizuri, usianzie kwenye hotuba za uchaguzi wa 1896. Anzia Julai 1890, ilipopitishwa Sheria ya Sherman ya serikali kununua fedha.

Mkulima alikuwa na haki ya kulalamika. Bei za mazao zilikuwa zikishuka tangu miaka ya 1870, lakini deni la shamba halikushuka hata senti. Kila msimu ilibidi auze ngano nyingi zaidi ili alipe kiasi kilekile. Yeye alitaka pesa ziongezeke mikononi mwa watu. Wenye migodi ya Nevada na Colorado walitaka mnunuzi wa uhakika wa madini yao, ambayo bei yake ilikuwa ikiporomoka.

Novemba 1889 majimbo manne mapya yalijiunga na Muungano, Montana yenye migodi ikiwemo, kila moja likipeleka maseneta wawili. Chama cha Republican kilikuwa kinatafuta kura za kupitisha ushuru mkubwa wa McKinley kwa bidhaa za nje, uliovilinda viwanda vya mashariki. Maseneta wa magharibi wakaweka bei yao: nunueni fedha yetu. Wakaelewana. Serikali ikajifunga kununua wakia milioni 4.5 kila mwezi, na Oktoba ushuru ukapita.

Kwangu mimi hiyo haikuwa sera ya sarafu hata kidogo. Seneta John Sherman mwenyewe, wa Republican, ambaye sheria ilibeba jina lake, aliandika baadaye kwamba alikuwa tayari kuifuta siku ileile ilipopitishwa. Aliikubali kwa kuhofia uchapaji huru wa sarafu za fedha, yaani serikali kugeuza fedha yoyote iletwayo kuwa sarafu bila kikomo.

Hazina ililipia madini hayo kwa noti ambazo mwenye nazo angeweza kudai dhahabu. Watu wakadai. Aprili 1893 akiba ya dhahabu ikashuka chini ya dola milioni 100, kiwango ambacho soko lilikihesabu kuwa mpaka wa usalama. Rais Cleveland, wa Democratic, akaifuta sheria Novemba kwa msaada mkubwa wa kura za Republican, na chama chake kikapasuka. Dhahabu iliendelea kutoka. Mwaka 1895 akalazimika kuinunua kwa hati fungani kutoka kwa mwenye benki J. P. Morgan na washirika wa Rothschild, familia ya mabenki ya Ulaya, na wakulima wakapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta kwamba serikali iko mikononi mwa wenye benki.