Je, wajua kwa nini wasiwasi hubaki hata hatari ikishapita?

Saa nane usiku. Mlango umekomewa, ada ya watoto imeshalipwa, na bado moyo unadunda kama umefukuzwa na mbwa. Kijasho chembamba mgongoni, tumbo linasokota. Unaogopa nini hasa? Hukioni.

Ndani ya ubongo, usawa wa panja kila upande, kuna kifundo cha seli chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari. Ikishtuka, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli, na mwili mzima unakaa mkao wa kukimbia. Seli za amigdala huongea kwa kemikali. Glutamati ni yule jirani anayepiga yowe la "mwizi!" GABA ni mzee wa mtaa anayetoka na shuka begani na kusema ni paka tu, rudini mkalale. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa kudumu, ni kama sauti ya mzee imefifia, na yowe halikatiki.

Tulianza kumjua mzee huyu kupitia mlango wa nyuma. Mwanakemia Leo Sternbach alitengeneza dawa ya kutuliza wasiwasi iitwayo Librium, iliyoingia sokoni mwaka 1960, kisha nyingine, Valium, mwaka 1963. Watu walitulia, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Ilichukua miaka mingi kubaini kwamba dawa hizo huipa nguvu GABA. Hutuliza upesi, mara nyingi ndani ya saa moja, ila mwili huzizoea na kuzidai, ndiyo maana si za kujinunulia tu kama panadoli.

Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo ina kitendawili chake. Dawa zinazoizuia isinyonywe haraka na seli huanza kazi ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Kama shida ingekuwa upungufu wa serotonini peke yake, angeamka kesho yake mzima. Kwa hiyo ile kauli ya "umepungukiwa kemikali fulani" mimi naiona nyepesi mno. Kuna kitu kinachojengwa na kubomolewa polepole.

Kitu hicho kimeonekana Bangalore, India. Watafiti waliwabana panya wa maabara wasijongee, kwa muda wa saa mbili kila siku, siku 10 mfululizo. Matawi ya seli za amigdala yakarefuka, huku yale ya hipokampasi, sehemu inayosaidia kuzima kotisoli, yakinywea. Panya wakaachwa wapumzike siku 21. Hipokampasi ikarudi hali yake. Amigdala haikurudi: matawi yalibaki marefu vilevile, na panya waliendelea kuogopa kutoka kwenda sehemu zilizo wazi, ingawa hakuna aliyewagusa kwa wiki 3.