K55.2: mishipa ya utumbo mpana na neno "damu" linalosahaulika kwenye faili

Bibi mmoja aliyepita miaka 70 alirudi Tanga kutoka Dar es Salaam na bahasha ya kaki. Kwa miezi mingi, kila alipokuja kuongezewa damu, faili lake liliandikwa bawasiri, K64. Ndani ya bahasha, ripoti ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kamera ndani ya utumbo mpana, ilikuwa na mstari mmoja wa majibu: "Mishipa isiyo ya kawaida, utumbo mpana."

Kazi yangu ni kumbukumbu za afya: nageuza maneno ya daktari kuwa misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Maneno yale hayakugeuzika. Kama ni kasoro ya kuzaliwa nayo, msimbo unaanza na Q. Kama ni anjiodisplasia, inayompata mtu ukubwani, ni K55.2. Ikiwa kwenye tumbo la chakula lenyewe badala ya utumbo mpana, tunatoka K55 tunaingia K31.

Anjiodisplasia ni vijishipa vilivyotanuka chini ya utando wa ndani wa utumbo, kuta zake zikawa nyembamba. Kwenye kamera huonekana kama madoa mekundu ya milimita chache, mara nyingi upande wa kulia, kwenye sikamu (mwanzo wa utumbo mpana) na koloni inayopanda, na hasa kwa waliovuka miaka 60. Damu yake aghalabu huvuja polepole, mgonjwa asiione, ila himoglobini, kiwango cha damu mwilini, inashuka tu.

Hapo ndipo pananiuma. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, K55.2 haina tarakimu ya kuonyesha kama damu inatoka. Wamarekani, kwenye toleo lao la ICD-10-CM, wameongeza tarakimu ya tano: K55.20 bila damu kutoka, K55.21 damu ikitoka. Sisi tunaotumia toleo la Shirika, daktari asipoandika "inatoka damu", habari hiyo imepotea. Na mimi siruhusiwi kuikisia, hata nikiona kwenye faili lilelile chupa tatu za damu alizoongezewa.

Nikapiga simu kwa aliyefanya kipimo.

"Daktari, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Mishipa ile ilikuwa wapi, na ilikuwa inatoka damu?"

"Marahaba. Ni anjiodisplasia, mbili, kwenye sikamu. Moja ilikuwa inachuruzika, nikaichoma kwa gesi ya agoni kuizuia."

Nilimwomba aiandike na kuisaini, kwa sababu maneno ya simu si kumbukumbu. Alituma nyongeza siku ileile. Daktari wetu naye akaandika kwamba anemia (upungufu wa damu) ya ukosefu wa madini ya chuma imesababishwa na damu hiyo kuvuja kwa muda mrefu, nami nikaweka K55.2 na D50.0. Angeandika "anemia" tu, ningeishia D64.9, msimbo usiosema chanzo wala aina.

Bawasiri haimtumi daktari kuweka stethoskopu kifuani. Anjiodisplasia humtuma, maana tangu daktari Edward Heyde aandike mwaka 1958, damu ya namna hii kwa wazee imehusishwa na kusinyaa kwa vali ya aota, mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni. Bibi alipokuja kliniki mara iliyofuata, daktari alisoma ukurasa wa kwanza wa faili, akamsikiliza moyo, kisha akamwandikia kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.