Dolores Huerta hakuwa msaidizi tu

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba chama cha wafanyakazi wa mashambani cha California, Marekani, kiliasisiwa na mwanaharakati César Chávez, na kwamba Dolores Huerta alikuwa msaidizi wake tu. Sivyo. Walikianzisha pamoja mwaka 1962. Mama huyu alikuwa ameshaacha ualimu huko Stockton, baada ya kuona watoto wa vibarua wakija darasani na njaa.

Umahiri wake ulionekana zaidi kwenye meza ya majadiliano. Vibarua Wafilipino walipoanza mgomo kwenye mashamba ya zabibu ya Delano, California, mwaka 1965 (nao husahauliwa mno, na si haki), chama chake kiliungana nao. Mwaka uliofuata Huerta ndiye aliyejadili mkataba na Schenley, kampuni ya pombe yenye mashamba ya zabibu, kisha akaongoza kampeni ya kususia zabibu New York, hadi wenye mashamba makubwa wakasaini mwaka 1970. Mikataba hiyo ilileta ujira bora, mfuko wa matibabu na kinga dhidi ya viuatilifu. Hata kaulimbiu “Sí, se puede”, yaani “Inawezekana”, ambayo wengi humpa Chávez, ilitoka kinywani mwa Huerta kule Arizona mwaka 1972.