Kisukuma hakimzuii mtoto kusoma

Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, hutakosa kumsikia mzazi akimkanya bibi: "Mama, usimwongeleshe mtoto Kisukuma, atachelewa kujua kusoma." Imani hii ni ya miaka mingi, na haina msingi.

Kusoma huanza kwa kuoanisha herufi na sauti. Kiswahili kina irabu 5. Kisukuma kina 7, kwa hiyo sikio la mtoto huyu limezoea kazi ngumu zaidi ya a, e, i, o, u. Hata ng' ya "ng'ombe", inayowasumbua wengine, yeye anayo tangu kwa bibi. Jiji lenyewe wazee huliita Ng'wanza.

Shida ya kweli ipo, ila ni ndogo. Kisukuma hakina r. Mtoto anaona "kura" ubaoni, anatamka "kula", darasa zima linaangua kicheko. (Watu wazima tunayasema hayo hayo pale mwaloni Kirumba na samaki wanauzika.) Kabla ya kumsahihisha, muulize maana. Akijibu ni ile ya uchaguzi, basi amesoma sawasawa. Kilichoteleza ni ulimi. Mpe jozi za mazoezi: kura na kula, mahari na mahali.

Fasihi nayo? Aliyekaa jikoni jioni akisikiliza visa vya sungura na fisi kwa Kisukuma anamjua vizuri yule mjanja na yule mlafi. Kilichobaki ni mwalimu kumwambia kwamba shuleni hao wawili wanaitwa wahusika.