Mlio Ukipotea Unaposhika Klachi, Usipasue Injini Bado

Wiki hii nimeletewa tena injini ya Yamaha TY250, pikipiki ya trials (mchezo wa kupita polepole juu ya mawe na vizuizi), imeshapasuliwa, kesi iko nusu mbili kwenye kiroba, gia na shafti zimefungwa kwenye gazeti. Maelezo ni yale yale: "Fundi, ukishika klachi mlio unapotea, kwa hiyo gia boksi imekufa." Nimekagua beringi za shafti zote mbili, nimepitisha kidole kwenye kila jino. Gia boksi ni nzima. Kilichokuwa kinalia kiko nyuma ya kifuniko cha klachi, mahali unapofika kwa kumwaga oili na kufungua skrubu za pembeni tu. Sasa gasketi ya katikati imechanika, na gasketi ya TY ukiitafuta Kariakoo utazunguka mpaka jioni.

Kanuni hiyo imetoka kwenye gari. Klachi ya gari ni kavu, iko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa kranki. Ukikanyaga pedali, shafti inayoingia gia boksi inasimama, kwa hiyo kilichonyamaza kina uwezekano mkubwa wa kuwa cha gia boksi. Fundi wa gari akipewa pikipiki anakuja na kanuni yake, na mwenye pikipiki anaiamini kwa sababu anajionea mwenyewe mlio ukikatika.

Pikipiki hizi klachi yao inaogelea kwenye oili. Kranki, shafti kuu ya injini, inazungusha hauzingi ya klachi, yaani kikombe chake cha nje, kwa gia za praimari (zile za kati ya kranki na klachi) kwenye Yamaha, au kwa cheni ya ndani kwenye Bultaco Sherpa T, pikipiki nyingine ya trials. Injini ikiwaka tu hauzingi inazunguka, ushike klachi usishike. Ukishika, kinachoachwa ni senta ya klachi, sehemu yake ya ndani, pamoja na shafti ya gia. Mpaka hapo kanuni ya gari inaonekana sahihi, na hapo ndipo watu wanapoishia kufikiri.

Injini ya silinda moja haizungushi kranki kwa mwendo sawa. Kila mlipuko unaisukuma, kisha inapungua, kisha inasukumwa tena. Meno ya praimari yana nafasi ndogo kati yao, kwa hiyo yanagongana mbele na nyuma. Klachi ikiwa imeachiwa kwenye nyutro, hauzingi inabeba nyuma yake pleti zote, senta, shafti na gia zinazozunguka bure, na uzito wote huo unarudi kugonga meno yale yale. Ukishika klachi, uzito huo unaachwa. Tena pleti za senta iliyobaki nyuma, zikiwa na oili katikati, zinaikokota hauzingi kidogo kama breki nyepesi, na meno yanalala upande mmoja. Kelele inakatika. Hakuna hata beringi moja ya gia boksi iliyohusika.

Kwa hiyo unaposhika klachi, washukiwa wanyamazao ni zaidi ya mmoja: beringi ya shafti ya kwanza, gia zinazochezacheza kwenye nyutro, meno ya praimari, bushi ya hauzingi, na springi au raba za kupunguza mshtuko zilizopigiwa rivti nyuma ya hauzingi. Mlio uliopotea haujakuchagulia hata mmoja.

Pikipiki za trials zinalia hivi kuliko nyingine kwa sababu zilijengwa kwenda polepole kuliko mtu anavyotembea. Mchezo wenyewe hauhesabu kasi, unahesabu mara ngapi umeweka mguu chini. Sherpa T iliyompa mwendeshaji Sammy Miller ushindi wa Scottish Six Days Trial, mashindano ya trials ya siku sita huko Scotland, mwaka 1965, na Yamaha ya mwendeshaji Mick Andrews iliyoshinda mashindano hayo 1974 na 1975, zote ni mashine za kutambaa juu ya mawe. Mwenye nayo hapa anayepanda vilima vya Pugu anashusha sailensi, yaani mwendo wa injini bila kuvuta mafuta, mpaka unaweza kuhesabu milipuko. Kwenye sailensi hiyo praimari nzima kabisa nayo itagonga.

Basi anza hapo: pandisha sailensi kidogo. Mgongano wa meno hupungua au hupotea. Beringi iliyochoka haipotei, inapanda sauti pamoja na injini. Sikiliza injini ikiwa baridi, kisha sikiliza tena baada ya nusu saa ya kazi, kwa sababu kwa joto la Dar oili inakuwa nyepesi na kila nafasi inasikika zaidi. Ule mshindo wa kuingiza gia ya kwanza asubuhi ni pleti zilizogandana kwa oili, usiuweke kwenye hesabu ya gia boksi.

Halafu iendeshe. Mvumo wa gia moja tu ni wa jozi ya gia hiyo. Mvumo wa gia zote unaofuata mwendo wa tairi ni wa beringi ya shafti ya kutolea, au sproketi ndogo na cheni. Toa cheni, pitisha gia zote pikipiki ikiwa kwenye stendi, utajua. Mlio unaoanza pale unaposhika klachi mara nyingi ni wa fimbo ya kusukumia klachi, gololi yake au beringi yake ndogo, kazi ya asubuhi moja. Ukisikia tak, tak, tak yenye mpangilio kwenye gia moja, zima. Hilo huenda ni jino limevunjika, na hapo kupasua ni halali. Oili weka ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, alama ya Kijapani ya oili inayofaa klachi inayoogelea. Oili ya gari yenye vilainishi vya kupunguza msuguano inafanya klachi iteleze.

Linaloniudhi karibu sawa na kupasua ovyo ni tupa. Vidole vya hauzingi, vinavyoshika masikio ya pleti, vikichimbika, klachi haiachii vizuri, na fundi anavipiga tupa mpaka vinang'aa. Klachi itaachia, ni kweli. Lakini umepanua nafasi kati ya vidole na masikio ya pleti, na sasa masikio yanapiga vidole kila mlipuko. Mikwaruzo midogo isawazishe. Machimbo yenye kina yanataka hauzingi nyingine, hata kama ni ya kuagiza nje na kusubiri.

Vitabu vinaandika kana kwamba sikio linatosha. Halitoshi. Naweka bisibisi ndefu kwenye kesi na sikio kwenye mpini, na bado beringi ya kranki ya upande wa klachi na bushi ya hauzingi iliyolegea zinanichanganya, maana ziko karibu na aluminiamu inasafirisha sauti kote. Namwaga oili, nafungua kifuniko, naishika hauzingi kwa mkono naitikisa ndani na nje, nainamisha, naangalia rivti. Hata hapo, ulegevu kiasi gani ni mwingi mno, mafundi wawili wazuri watabishana mbele ya hauzingi hiyo hiyo. Nikiridhika kwamba hauzingi ni nzima na kranki ndiyo inayocheza, nampigia mwenye pikipiki aagize seti ya gasketi na sili za kranki. Bolti za kesi zinasubiri mpaka mzigo ufike.