Kabla hujasaini: maneno ya kesi za majeraha

Mtu aliyeumia akifika ofisini kwangu, swali lake la kwanza huwa ni atalipwa kiasi gani. Mimi huanza kwingine: nani alipaswa kufanya nini, na hakufanya? Kuumia peke yake hakumpi mtu haki ya kulipwa. Mdai lazima aonyeshe uzembe, yaani mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari, hakuchukua, na jeraha likatokana na hapo.

Wajibu huo ulipata sura yake ya leo mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Bi Donoghue alidai kwamba alikunywa kinywaji cha tangawizi huko Scotland, kisha mabaki ya konokono yakatoka chupani. Aliyelipia ni rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na yeyote. Hata hivyo mahakama iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho.

Fidia ndipo watu wengi wanapopoteza haki yao. Fidia maalumu ni hasara inayohesabika: bili ya hospitali, dawa, nauli, mshahara uliokatwa. Hutajwa kimoja kimoja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa karatasi. Inaniuma kumwona mtu aliyetumia pesa nyingi akibaki na maneno matupu. Tunza risiti zote, na uzipige picha siku hiyohiyo, maana za mashine hufifia. Tarehe ya risiti ya nauli ikilingana na siku ya kliniki kwenye kadi yako, wakili wa upande wa pili hana pa kushika.

Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyovurugika. Hapo hakimu hukadiria, akitazama ripoti ya daktari na kesi zenye majeraha yanayofanana.

Kuna pia uzembe changizi, yaani sehemu yako ya kosa. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema kwamba asiyefunga mkanda wa gari apunguziwe asilimia 25 ya fidia ikiwa mkanda ungemkinga kabisa na jeraha, na asilimia 15 ikiwa ungelipunguza sana. Kesi haifi, ila mfuko unapungua.

Hati ninayoiogopa zaidi ni ya suluhu, ile inayoletwa na kampuni ya bima bandeji ikiwa bado mbichi. Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukishasaini, mguu ukihitaji upasuaji mwingine mwakani, kwa kawaida gharama ni yako. Kwa hiyo mwulize daktari kwanza kama jeraha limetulia, na umwombe akuandikie jibu lake.

Ila usisubiri kupita kiasi. Kila nchi ina ukomo wa muda wa kufungua kesi. Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida ni miaka 3. Mazungumzo na bima peke yake hayasimamishi saa hiyo.