Mtihani wa Kufuzu na Utetezi wa Tasnifu katika Uhandisi

Wanafunzi wetu wanaokwenda Marekani kusomea uzamivu wa uhandisi mara nyingi hushtushwa na mtihani wa kufuzu, kwa kuwa mfumo tuliourithi kutoka Uingereza kwa kawaida humtaka mtu awasilishe pendekezo la utafiti, afanye kazi yake kwa miaka kadhaa, kisha akutane na watahini mwishoni. Kule, katika idara nyingi, mwanafunzi huitwa mapema mbele ya ubao ili ionekane kama ana misingi ya kuubeba utafiti atakaouanza.

Tuseme ameulizwa kuhusu boriti iliyoshikiliwa ukutani upande mmoja, na uzito umewekwa kwenye ncha iliyo huru. Aliyekariri huandika fomula na kunyamaza. Aliyeiva huanza kwa kutaja anayoyachukulia kuwa kweli, yaani kwamba boriti ni nyembamba ikilinganishwa na urefu wake na kwamba haijavuka kikomo cha unyumbufu, yaani uzito ukiondolewa itarudia umbo lake. Kisha hueleza kwamba urefu ukiwa maradufu ncha itashuka mara 8 ya awali, na kwamba kimo cha boriti, yaani unene wake kutoka juu hadi chini, kikiwa maradufu, mshuko utabaki sehemu moja ya 8. Hapo mtahini huongeza: je, uzito huo ukiachiliwa ghafla badala ya kuwekwa polepole? Mshuko wa juu kabisa utakuwa maradufu, na hata asiyelikumbuka jibu hilo anaweza kulifikia kwa kulinganisha nishati ambayo uzito huipoteza unaposhuka na ile inayohifadhiwa ndani ya boriti. Nikiwa kwenye jopo, mimi humpa huyo alama zaidi kuliko aliyelitaja jibu bila njia. Kwa hiyo fanyeni mazoezi kwa mdomo, mbele ya wenzenu wakali. Kusoma kimyakimya chumbani hakumzoeshi mtu kukatizwa.

Utetezi wa tasnifu una sura nyingi. Uingereza, mtahini wa ndani na wa nje humhoji mtahiniwa faraghani. Uholanzi, kamati huwa imeikubali tasnifu kabla, na maswali huulizwa hadharani kwa muda uliopangwa. Hata hivyo swali zito, kote nilikoketi, ni lile lile: dai lako linaishia wapi?

Chukua mtahiniwa aliyebadilisha sehemu ya saruji kwa majivu ya pumba za mpunga, akavunja vipande vya zege vya milimita 150 baada ya siku 28, kisha akahitimisha kwamba zege hilo linafaa kwa gati za pwani. Nguvu ya mbano aliyoipima, yaani kiasi ambacho zege hustahimili kubanwa kabla ya kuvunjika, haisemi lolote la moja kwa moja kuhusu chumvi ya bahari inavyopenya hadi kwenye nondo kwa miaka mingi, na majivu ya aina hiyo huendelea kufanya kazi taratibu hata baada ya siku hizo 28, hivyo hata nguvu yenyewe hajaiona yote. Kazi yake si mbovu. Sura ya hitimisho ndiyo iliyovuka mpaka, na angeokoka kwa kusema hivyo mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Baada ya utetezi kwa kawaida hubaki masahihisho. Tengeneza jedwali lenye hoja ya mtahini, jibu lako na ukurasa uliobadilishwa, na pale usipokubaliana naye, andika sababu na ushahidi kwenye safu hiyo hiyo badala ya kuiacha tupu.